Kusubu Machubwi ya Risasi kwa Mshipi wa Kina: Mwongozo Kamili

Mvuvi wa mshipi anayefuata changu na chewa kwenye mwamba wenye kina cha pima 20 au 30 (karibu mita 36 hadi 55) hupoteza machubwi, yaani vizito vya kuzamishia ndoana, karibu kila safari, kwa sababu matumbawe yakishakamata hayaachii, na chubwi likinasa huondoka pamoja na ndoana, chambo na pengine nusu ya mshipi. Ndiyo maana wapo wavuvi wa pwani yetu wanaojisubia wenyewe machubwi yao nyuma ya nyumba, kwa kuyeyusha risasi iliyookotwa hapa na pale na kuimimina kwenye kalibu, chombo cha kuipa umbo, badala ya kununua moja moja dukani. Kazi hiyo si ngumu. Inadai hata hivyo uangalifu wa aina mbili ambao wengi huushika nusu tu: kuogopa maji kama uogopavyo moto, na kuogopa vumbi kuliko unavyoogopa moto. Moto huuma papo hapo na kila mtu anauheshimu, lakini vumbi la risasi haliumi. Huingia mwilini kimyakimya na kukaa humo miaka.

Mwongozo huu unahusu risasi ya madini, ile laini na nzito, na unamhusu mtu anayetaka kusubu machubwi ya matumizi yake, kilo tatu au nne kwa siku, mara chache kwa mwaka. Haumhusu mwenye kutaka kufungua karakana ya kuyeyusha shehena, kwa kuwa kazi ya kiwango hicho inataka leseni, mitambo ya kuvuta moshi na upimaji wa damu wa mara kwa mara.

Kwa nini risasi, na kwa nini kuihofu

Sentimita moja ya ujazo ya risasi ina gramu 11.34, ya chuma ina gramu 7.87, na ya jiwe la kawaida ina gramu 2.7 hivi. Maji ya bahari nayo hukipunguzia uzito kila kinachozama, takribani gramu moja kwa kila sentimita hiyo ya ujazo, kwa hiyo kilo moja ya risasi ikiwa majini hubaki na uzito wa gramu 910, kilo ya chuma hubaki na gramu 870, na kilo ya jiwe hubaki na gramu 620 tu. Faida kubwa zaidi, hata hivyo, iko kwenye umbo. Chubwi la risasi ni dogo, mkondo haupati pa kulisukuma, na mshipi hushuka wima hata wakati wa bamvua, siku ambazo mkondo una nguvu, ilhali jiwe la uzito uleule huburutwa na kuupinda mshipi hadi mvuvi ashindwe kuhisi samaki anapodonoa.

Upande wa pili wa madini haya ni sumu. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na kwamba mtoto mdogo hufyonza mara nne hadi tano ya kile ambacho mtu mzima hufyonza kutokana na kiasi kilekile kilichomezwa. Risasi hujificha kwenye mifupa kwa miongo, na mwanamke mwenye mimba humpitishia mtoto aliye tumboni. Watu wa Mombasa hawahitaji kufundishwa jambo hili kwa vitabu. Kijiji cha Owino Uhuru kiliishi ubavuni mwa kiwanda kilichoyeyusha betri za magari, risasi ikawadhuru wakazi wake, na mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Nakitaja kisa hicho mapema ili msomaji ajue kwamba ninaposema asisubu jikoni, au asisubu na mtoto pembeni, simtishi bure.

Kama huna mahali pa nje, mbali na nyumba, pasipo watoto wala kuku wanaokuja kudonoa chini, usisubu. Tumia nati za chuma, vipande vya nondo, au nunua machubwi yaliyokwisha tengenezwa. Mvuvi hapungukiwi na heshima kwa kushusha nondo.

Mahali pa kazi na mavazi

Chagua siku kavu yenye upepo wa kutulia, na ukae joshini, upande upepo unakotoka, ili moshi uende demani, mbali na wewe na mbali na madirisha ya jirani. Sakafu iwe udongo mkavu au mchanga mkavu. Saruji si nzuri, kwa sababu hubeba unyevu ndani yake, na risasi ya moto ikimwagika juu yake inaweza kuibandua kwa kishindo. Tandika bati kuukuu au karatasi ngumu eneo lote utakalofanyia kazi, ili matone na vumbi vikusanywe baadaye badala ya kufagiwa. Usifanye kazi hii chini ya wingu zito: tone moja la mvua likitua juu ya risasi iliyoyeyuka hurusha cheche, na likizama chini yake ni hatari zaidi.

Vaa shati la pamba la mikono mirefu, suruali inayofunika viatu kwa juu, viatu vilivyofunikwa kabisa, glavu za ngozi, na miwani ya kukinga macho. Usivae nguo za nailoni wala kandambili, kwa sababu nailoni huyeyukia kwenye ngozi na kandambili hukaribisha tone katikati ya vidole. Barakoa ya kitambaa haizuii moshi wa risasi. Ukiweza, pata ile ya mpira yenye vichujio vya daraja la P100 au P3. Maji ya kunawa na ya kupoza mtu atakayeungua yawepo, ila yakae hatua kumi kutoka kwenye chungu, na karibu na moto iwekwe ndoo ya mchanga mkavu.

Risasi ya kuyeyusha

Risasi bora kwa chubwi ni ile laini, inayokwaruzika kwa ukucha na kuacha mstari wa kijivu kwenye karatasi. Hupatikana katika mabomba ya zamani ya maji, maganda ya nyaya kuukuu za simu na za umeme, na mabati ya risasi yaliyokuwa yakizibia mapaa. Machubwi ya zamani na risasi za nyavu zilizochakaa ni chanzo kizuri pia, mradi zioshwe chumvi, zikaushwe juani siku kadhaa, na kila kipande chenye uwazi kipasuliwe kabla hakijakaribia moto, kwa maana uwazi huo unaweza kuwa umefunika maji.

Vipande vya kubalansi magurudumu ya magari ni chanzo kinachopendwa na wengi. Vile vya kubana kwa kibanio cha chuma huwa na antimoni kidogo, kwa kawaida kati ya asilimia 2 na 4, ambayo huvifanya vigumu kuliko risasi tupu, na ugumu huo unalifaa chubwi linalogongana na mwamba. Tatizo ni kwamba siku hizi vingi si risasi. Umoja wa Ulaya ulizuia vipande vya risasi kwenye magari madogo kuanzia 2005, na magari mengi yanayoingia kwetu yamefungwa vipande vya zinki au chuma. Vingine vina alama ya Zn au Fe, vingine havina. Kibane kwa pilaiza ya kukatia: risasi huingia meno kama sabuni kavu, zinki hukataa. Kiangushe juu ya jiwe: risasi hudunda kwa sauti iliyokufa, zinki hulia. Zinki ikiingia kwenye chungu huifanya risasi kuwa nzito kama uji, isijae kalibu, na chungu kizima huharibika.

Kuna chanzo kimoja ambacho nasema wazi kisiguswe, nacho ni betri ya gari. Ndani yake mna asidi ya salfa, unga wa oksidi ya risasi unaopeperuka, na kwenye sahani zake mnaweza kuwa na arseniki, antimoni na kalisi. Takataka inayobaki baada ya kuziyeyusha sahani hizo ikipata unyevu inaweza kutoa gesi zenye sumu kali. Betri iliyokufa irudi kwa muuzaji au kwa mkusanyaji mwenye leseni. Akiba ya kilo chache haifanani na madhara yake.

Chungu, upawa na moto

Hapa ndipo kosa la hatari zaidi hufanyika kwetu, kwa kuwa sufuria zetu nyingi ni za aluminiamu. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi na aluminiamu kwenye nyuzi 660, na mtu huona pengo hilo linatosha. Lakini jiko la mkaa lililopulizwa huvuka nyuzi 660 bila shida, na sufuria hulegea kitako kabla haijafika huko. Kitako kikiachia, kilo nne za risasi humwagikia kwenye makaa na kwenye miguu yako. Tumia chungu cha chuma tu: chungu kizito cha chuma cha kusubu, au kipande cha bomba nene la chuma, milimita 3 au zaidi, kilichochomelewa kitako na fundi na kujaribiwa kwa maji kama kinavuja, kisha kikaushwa kabisa. Ndoo ya mabati haifai kwa sababu imepakwa zinki. Mtungi wa gesi usikatwe kwa ajili hii, hata kama unaonekana mtupu.

Chungu hicho hakirudi jikoni tena, wala upawa wake, wala kijiko cha kuengulia. Vipakwe rangi nyekundu kwenye mpini na vifungiwe kwenye sanduku lao.

Upawa uwe wa chuma, wenye mdomo mwembamba upande mmoja, wa kubeba gramu 300 hadi 500. Moto wa gesi ni bora kuliko mkaa, kwa sababu unaupunguza kwa mkono na kuuzima mara moja. Anayetumia mkaa ajenge jiko lake imara juu ya mafiga matatu mazito yasiyotikisika, na asipulize moto baada ya risasi kuyeyuka.

Kalibu

Zipo njia nyingi za kutengeneza kalibu. Mchanga wa kusubia una unyevu, na anayeanza asiutumie. Plasta huonekana kavu kwa nje wakati ndani bado ina maji, nayo pia naiacha. Jiwe laini la Kisii, lile linalochongwa Tabaka, linachongeka kwa kisu na linaweza kufaa, lakini lisipopashwa moto taratibu hupasuka. Kalibu ninayoipendekeza ni ya vipande viwili vya aluminiamu, ambayo ikitunzwa humfaa mvuvi maisha yake yote.

Chukua vipande viwili vyenye unene wa milimita 20, urefu wa milimita 100 na kimo cha milimita 65. Sugua nyuso zinazokutana kwa tupa laini mpaka ukizibana na kuziinulia juani mwanga usipenye. Vibane kwenye jiliwa, kile kibano cha meza ya fundi, toboa matundu mawili ya milimita 6 kutoka ubavuni, moja kila upande, na upige pini za chuma zinazobaki kwenye kipande kimoja na kuingia kwa wepesi kwenye kingine, ili kila mara kalibu ifunge mahali pake bila kupinda. Kisha, vikiwa bado vimebanwa, toboa kutoka juu, katikati kabisa ya mstari wa maungio, matundu matatu yenye kina cha milimita 50. Ncha ya keekee itaacha kitako chenye umbo la pia, ile ya kuchezea watoto, na hilo ndilo litakalokuwa kichwa cha chubwi.

Uzito unaupanga kabla ya kutoboa. Chukua nusu ya kipenyo kwa sentimita, izidishe kwa yenyewe, zidisha kwa 3.14, zidisha kwa kina, kisha zidisha kwa 11.34. Tundu la kipenyo cha milimita 16 na kina cha milimita 50 litakupa chubwi la gramu 115 hivi, la milimita 20 gramu 180, na la milimita 25 gramu 280. Ukitumia risasi yenye antimoni uzito utapungua kidogo. Kwa mwamba wa pima 20 maji yakiwa mafu, gramu 180 hunitosha. Siku za bamvua nashika 280, na pengine hazitoshi.

Kutoka kwenye ncha ya pia, kwaruza kwa tupa nyembamba mfereji mdogo unaoshuka hadi chini ya kalibu, nusu kila upande, wa kupokea waya uliosokotwa. Kata waya wa shaba au wa chuma kisichoshika kutu, unene wa milimita 1.5, ukunje katikati kuwa kitanzi, usokote mara tatu, na mikia yake miwili uipanue kama miguu ya buibui. Kitanzi kitabaki nje ya kalibu, msokoto utakaa kwenye mfereji, na miguu itazama ndani ya risasi isitoke tena. Kwa chubwi la kuteleza juu ya mshipi, badala ya waya pitisha msumari mnyoofu wa milimita 3 katikati ya tundu na uuvute kwa pilaiza chubwi likiwa bado vuguvugu.

Mdomo wa kila tundu upanuliwe kidogo kama faneli. Kwenye uso mmoja wa maungio kwaruza mistari miepesi, mwembamba kama unywele, kutoka tunduni hadi nje: hapo hewa itatokea. Mwisho, shikilia nyuso zote juu ya kibatari mpaka zipate utando mweusi wa masizi. Masizi hayo ndiyo yanayozuia risasi isigande mapema na kuachanisha chubwi na kalibu bila ugomvi.

Kuyeyusha na kusafisha

Panga vipande vikavu vya risasi kwenye chungu kabla ya kuwasha moto, visizidi theluthi mbili ya kina chake. Washa moto wa wastani. Risasi hukaa muda mrefu kama haijui kinachoendelea, kisha vipande vya chini hulainika na vyote kuporomoka kwa pamoja kama barafu inayoyeyuka. Vinavyobaki vinaelea ni vibanio vya chuma na, kama uchaguzi wako ulipitiwa, vipande vya zinki. Viengue mara moja. Zinki huyeyuka karibu na nyuzi 420, hivyo ukiweka joto chini ya nyuzi 400 itaelea ikiwa ngumu na utaipata yote. Kipimajoto cha kufika nyuzi 500 ni ununuzi wa busara. Asiyekuwa nacho achovye kijiti cha mbao kikavu kabisa: kikigeuka kahawia na kufuka bila kushika moto, joto linafaa, kikiwaka mara moja, limezidi. Risasi tupu iliyozidi moto hujionyesha yenyewe, kwani uso wake ukienguliwa hugeuka dhahabu, kisha buluu na zambarau. Ukiona rangi hizo, punguza moto na urudi nyuma, kwa sababu kadiri joto linavyopanda ndivyo moshi wa risasi unavyoongezeka.

Tia kipande cha nta chenye ukubwa wa punje ya mbaazi. Kitatoa moshi na kinaweza kuwaka kwa sekunde chache, kwa hiyo uso wako usiwe juu ya chungu. Koroga kwa kijiko cha chuma kilichopashwa moto, ukikwaruza kuta na kitako, na utaona uso unang'aa kama kioo na unga wa kijivu unakusanyika pembeni. Engua unga huo taratibu, usiutikise, na uuweke kwenye kopo la chuma lenye kifuniko. Huo ni oksidi ya risasi, na ndio kitu chenye sumu kuliko vyote utakavyoshika siku hiyo. Risasi ngumu mkononi hudhuru kidogo. Unga huu kwenye kucha, kisha kwenye ugali, hudhuru sana.

Na sasa kuhusu maji. Maji yakigeuka mvuke hupanuka mara 1,700 hivi, na yakigeukia chini ya risasi mvuke huo hauna njia isipokuwa kuirusha risasi angani. Asubuhi moja nilichukua upawa uliokuwa umelala nje, umeshika umande ambao macho yangu hayakuuona, nikauchovya. Kulikuwa na mlio mmoja kama wa fataki. Nilipofumbua macho, makuti ya kibanda yalikuwa yamepigwa matone hadi juu ya kichwa changu, na kwenye kioo cha kushoto cha miwani palikuwa na tone lililoganda, bapa, la ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo, mbele kabisa ya mboni. Tangu siku hiyo kila kitu kinachoingia kwenye risasi iliyoyeyuka, upawa, kijiko, kipande cha nyongeza, chubwi bovu linalorudi, hukaa kwanza ukingoni mwa jiko mpaka kiwe cha moto kisichoshikika. Nyongeza ya risasi huingizwa kwa koleo, polepole, haitupwi. Mwenye kukosa subira hiyo asubiri chungu kipoe, apange vipande vipya juu ya vilivyoganda, na awashe upya.

Kumimina

Pasha kalibu kwa kuiweka karibu na moto mpaka glavu zihisi joto lake. Panga waya, ifunge, ibane kwa klempu, na iketi wima juu ya tofali kavu; usiishike mkononi. Teka risasi kutoka chini ya uso, usogeze mdomo wa upawa karibu sana na mdomo wa kalibu, na umimine kwa mkondo mmoja usiokatika mpaka kifaneli kijae na kibaki na kilima kidogo juu. Kilima hicho si ubadhirifu. Risasi inapoganda husinyaa kwa asilimia 3 na zaidi kidogo, na inavyosinyaa hunyonya kutoka juu. Isipokuta akiba, hujichimbia shimo katikati ya chubwi.

Tazama uso wa kilima. Utang'aa kama macho ya samaki mbichi, kisha kwa ghafla utapauka. Hesabu hadi ishirini baada ya kupauka, fungua kalibu, na uangushe chubwi juu ya mchanga mkavu. Usilipoze kwa maji. Haraka hiyo haina kazi, na inaleta ndoo ya maji karibu na chungu.

Machubwi matano au sita ya kwanza yatatoka na mikunjo kama ngozi ya mzee, kwa kuwa kalibu bado baridi. Yaache yarudi chunguni baadaye. Mikunjo ikiendelea baada ya hapo, risasi yenyewe haijapata moto wa kutosha au masizi yametoka. Uso ukitoka mweupe kama uliopakwa unga, kalibu imechoka kwa joto, iache ipumzike dakika chache. Kingo zikitoka na mapezi membamba, maungio hayakubanwa vizuri au kuna chembe ya risasi katikati. Isafishe kwa kijiti cha mbao, si kwa chuma. Chubwi likiwa na kona isiyojaa, njia za hewa zimeziba.

Risasi ikikurukia na kugandia ngozini, usiivute. Mwaga maji safi yanayotiririka juu yake kwa dakika 20, vua pete na nguo zisizogandia, funika kwa kitambaa safi, uende hospitali. Dawa ya meno, mafuta na asali viachwe.

Kumalizia

Kilima cha juu kikatwe kwa pilaiza au kisu kikali, na mapezi yaparwe kwa kisu. Usitumie msasa mkavu wala mashine ya kusagia, kwani vyote viwili hugeuza chubwi kuwa vumbi unalolivuta. Ukilazimika kusugua, lowanisha chubwi na tupa, kisha futa kwa karatasi na uitie kwenye kopo lilelile la takataka. Hapa chubwi limeshapoa na liko mbali na chungu, kwa hiyo maji hayana ubaya.

Pima kila chubwi kwenye mizani ya jikoni ambayo haitarudi jikoni, na ugonge uzito wake kwa ncha ya msumari. Baada ya hapo lipake rangi ya mafuta isiyo na risasi, mara mbili, likauke siku nzima kati ya mpako na mpako. Rangi hiyo haimpendezi samaki wala haimchukizi. Kazi yake ni kutenganisha kiganja chako na madini kila unapofunga na kufungua.

Kuna mazoea mawili ya baharini ambayo rangi haiyatibu. La kwanza ni kubana vichubwi vidogo vyenye ufa kwenye mshipi kwa meno. Tumia pilaiza, hata kama mkono mmoja umeshika kasia. La pili ni la warusha kimia, ambao hushika ukingo wenye risasi mdomoni kabla ya kurusha. Nilimwona mzee mmoja kwenye mlango wa mto akifanya hivyo alfajiri nzima. Nilimwamkia, nikamwambia kwa adabu kwamba risasi ile inamwingia. Akanijibu, "Mwanangu, mikono ni miwili, na kimia kina pande tatu." Alikuwa na haki. Tulimfungia kitanzi cha kamba ya pamba chenye urefu wa kidole kwenye ukingo, baina ya risasi na risasi, akawa anauma kitanzi badala ya madini, na kimia kikafunguka mduara uleule.

Baada ya kazi

Chungu kipoe chenyewe, kikiwa na risasi iliyobaki ndani. Kusanya matandiko kwa kuyakunja kwa ndani. Kama ardhi imepata matone, yaokote. Kama imepata unga, chota udongo wa juu na uufungie pamoja na takataka. Kopo la unga wa kijivu lisimwagwe shambani, shimoni wala baharini. Liandikwe SUMU, lifungwe, na lipelekwe kwa mnunuzi wa vyuma chakavu mwenye kibali cha kushughulikia taka hatarishi, ambacho Kenya hutolewa na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira.

Nawa mikono, uso na ndevu kwa sabuni kabla ya kunywa hata tone la maji, na usivute sigara kazini, kwa sababu vidole hupeleka sumu mdomoni. Vua nguo nje, zifuliwe peke yake, maji yake yasimwagwe wanapochezea watoto, na uoge kabla hujambeba mtoto. Anayesubu mara kwa mara amwombe daktari kipimo cha damu cha risasi. Maumivu ya tumbo, kufunga choo, uchovu na kichwa kisichopoa huonekana kama maradhi ya kawaida, na mtu anaweza kutibiwa malaria mara tatu kabla hajaulizwa anafanya kazi gani.

Machubwi yaliyokauka huwekwa kwenye mfuko wa turubai, mbali na kopo la chambo na kapu la chakula. Chomboni, usilifunge chubwi kwenye mshipi mkuu moja kwa moja. Lifungie kipande cha shubiri moja cha uzi mwembamba, wenye nguvu kama nusu ya mshipi. Chubwi likiingia kwenye ufa wa mwamba, vuta wima, taratibu, kutoka juu ya tezi, nyuma ya chombo: uzi ule utakatika peke yake, na ndoana, mshipi na samaki vitapanda.